Mighty No. 9: nimelicheza hadi kwenye majina ya mwisho

Nianze na mdomo. Gemu linafunguka, mji umevurugika, roboti wamepandwa na wazimu, na Dakta White anamweleza Beck, roboti mdogo wa bluu, kwamba yeye ndiye aliyebaki na akili timamu na kazi yote iko mabegani mwake. Sauti tunaisikia vizuri kabisa. Mdomo haufunguki. Si kwamba unafunguka kwa kuchelewa, la, umefumbwa, na mikono inapunga kidogo kama ya mtu anayefukuza nzi.

Mpwa wangu, miaka kumi na miwili, alikuwa ameketi pembeni akisubiri zamu yake ya pedi.

"Mjomba, huyu anaongelea wapi?"

Nikamwambia atulie, gemu la zamani hilo.

"La mwaka gani?"

"2016."

Hakunijibu. Alinitazama tu. Ana magemu ya miaka hiyo hiyo ambamo hata farasi anapepesa macho.

Kwa asiyelijua, Mighty No. 9 ni gemu la kukimbia, kuruka na kufyatua risasi, linalotazamwa kwa ubavu kama magemu ya zamani, kwa mtindo wa Rockman, yule ambaye nje ya Japani amezoeleka kama Mega Man. Kuna mabosi wanane. Unaanza na umtakaye, ukimshinda unachukua silaha yake, unaenda kumwadhibu nayo mwenzake anayeiogopa. Nimekulia kwenye hayo. Kaka yangu alikuwa na daftari la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma zilikuwa za Mega Man 2: Wood Man anakufa kwa msumeno wa Metal Man, Crash Man kwa upepo wa Air Man, mishale imechorwa kwa kalamu nyekundu kutoka bosi mmoja hadi mwingine. Kurasa za mbele zilijaa alama za kukosa. Mishale ile haikukosea hata mmoja.

Kwa hiyo tarehe 31 Agosti 2013, Keiji Inafune aliposimama kwenye maonyesho ya PAX huko Marekani na kutangaza kwamba anatengeneza gemu jipya la aina hiyo, na kwamba anaomba mchango kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangishana fedha, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Huyu bwana aliingia Capcom, kampuni yenye Mega Man, mwaka 1987 na kuondoka mwishoni mwa 2010, akafungua studio yake, Comcept. Wengi humwita baba wa Mega Man. (Mwenyewe amewahi kueleza kwamba alipofika alimkuta mhusika ameshabuniwa, mbunifu alikuwa Akira Kitamura. Lakini ubaba ukishakubandikwa, haubanduki.) Capcom nao walikuwa wamefuta Mega Man Universe na Mega Man Legends 3 ndani ya mwaka mmoja, 2011. Mashabiki tulikuwa kama watu waliofiwa na hawajapewa mwili wa kuzika. Hapo anatokea mtu aliyemjua marehemu, anasema nitawaletea mdogo wake. Nani angebana mfuko?

Aliomba dola 900,000. Zilitimia ndani ya siku mbili hivi. Harambee ilipofungwa mwanzoni mwa Oktoba, watu 67,226 walikuwa wamechanga dola 3,845,170 ndani ya Kickstarter peke yake, na ukijumlisha za PayPal zilipita milioni nne. Mimi sikuwemo, na si kwa busara yoyote. Nilifika hadi kwenye kitufe cha mwisho nikakumbuka kodi ya nyumba. Nimelinunua baadaye sana, kwenye punguzo, nikaliacha likae, na ni majuzi tu nilipoamua kulimaliza ili nijue mwenyewe, maana kila ninayemuuliza ananisimulia lilivyochelewa badala ya kunieleza linavyochezeka.

Linachezeka. Niseme kizuri chake kwanza, kwa sababu kipo, na ni kimoja.

Beck haui adui kwa risasi peke yake. Risasi zinamlegeza tu. Akishalegea anaanza kumetameta, mwili unameguka vipande vipande vya mwanga, na hapo unabonyeza kitufe cha kuchomoka: Beck anajifyatua mbele kama jiwe la manati, anampitia adui katikati ya kifua na kumnyonya. Ukimwahi pale pale alipolegea, kwenye skrini inasomeka asilimia 100. Ukizubaa inashuka. Wengine wakinyonywa wanakuongezea nguvu ya risasi, wengine kasi, wengine ngao, kwa muda mfupi mfupi. Na kuchomoka huku hakuna foleni ya kusubiri; unachomoka chini, unachomoka hewani, unainama na kuteleza chini ya tundu lililobana.

Maelezo hayatoshi, ngoja nieleze dakika moja. Hatua ya Brandish, mmoja wa wale mabosi wanane, barabara kuu. Nimeshairudia mara saba au nane, najua nani anatokea wapi. Risasi tatu kwa wa kwanza, namchomokea. Nikiwa bado ndani ya mwendo huo huo kidole cha kulia kinaendelea kufyatua, wa pili analegea kabla sijamfikia, nachomoka tena. Naruka, wa tatu yuko juu, namlegeza nikiwa hewani na kumpitia kabla miguu haijagusa lami. Mia, mia, mia. Hesabu inapanda, muziki unabisha hodi kwenye mbavu, na kwa sekunde ishirini hivi nilikuwa na miaka tisa na kaka yangu yuko nyuma yangu akisema "twende, twende, twende". Hakuna Mega Man wa zamani aliyenipa kitu hicho hasa. Wale walikuwa wa subira: simama, pima, ruka. Huyu anakutaka uwe na haraka yenye adabu. Aliyebuni kuchomoka huku alijua anachokifanya, na ningependa kumpa mkono.

Kwa mabosi pia ni hivyo. Unampiga mpaka analegea, kisha lazima umchomokee, la sivyo jeraha linajiponya na umefanya kazi bure. Inakulazimisha umsogelee mtu ambaye silika yote inakuambia umkimbie. Safi sana.

Basi, hapo ndipo sifa zinapoishia, na kuanzia hapa ninaanza kuona alama za vidole vya waliolitengeneza wakiwa wamechoka.

Chukua hatua ya Countershade, mdunguaji. Wazo ni zuri ukilisikia: bosi hakusubiri kwenye chumba chake, anajificha, anakulenga kwa mbali, unamfukuza ndani ya jengo. Ukilicheza, unapita vyumba, unamkuta, anakimbia, na njia inakurudisha kwenye vyumba vile vile ulivyokwisha kuvipita. Mara ya kwanza nilidhani nimepotea. Mara ya pili nilidhani gemu limekwama. Mpwa wangu ndiye aliyegundua: "Mjomba, si hapa tulipita? Ile sanamu si ile ile?" Ni ile ile. Kuna magemu yanayorudia njia kwa makusudi na kila mzunguko unakuta kitu kipya. Hapa unakuta nguvu zako zimepungua tu.

Halafu kuna hatua ya Call, yule msichana roboti mwenzake Beck. Gereza. Gemu ambalo limekufundisha kwa saa mbili kwamba uhai ni mwendo, ghafla linakuvua mwendo. Call anatambaa, anaelea kidogo, anafungua ngao, anasubiri. Kama lingekuwa gemu lake peke yake, lililojengwa juu ya kusubiri, sawa. Lakini kuliweka katikati ya hili ni kama mwenyeji aliyekuchezesha ngoma mpaka jasho likakutoka, kisha akakuambia sasa tukae kimya tuhesabu vigae.

Vifo vya ghafla ni vingi mno: umeme unaoua kwa kugusa tu, kuta zinazokubana. Mega Man wa zamani walikuwa na miiba, najua, nimelia juu ya ile miiba. Tofauti ni kwamba kule nilikuwa naona kilichoniua. Hapa mandhari ya nyuma na kitu cha kuua vimepakwa rangi zinazofanana, na mara kadhaa nilikufa nikauliza chumba kizima, "Nimegusa nini?" Beck naye ana tabia ya kudaka kingo za majukwaa hata usipomtuma. Unachomoka upite chini ya ukingo, yeye anaushika na kuning'inia pale kama nguo kwenye kamba, risasi zinakuja. Na huku yote yakiendelea, wahusika wanakuongelea juu ya kichwa: kisanduku cha maneno kinatokea, mtu anakupa ushauri, mwingine anatania, na wewe uko katikati ya kuruka. Nilizima sauti zao siku ya pili. Kuna mahali pa kufanyia hivyo kwenye mipangilio, nakuokolea muda.

Sauti hizo zenyewe zina kisa. Julai 2014, miezi tisa baada ya mamilioni yale kukusanywa, wachangiaji waliombwa mchango wa pili, dola 100,000, ili wahusika wazungumze Kiingereza. Ndipo ninapourudia ule mdomo. Fedha ya sauti ikatafutwa. Ya kuufungua mdomo ndiyo haikupatikana.

Nimekuwa nikijiuliza gemu lenye wazo zuri kiasi kile liliharibikia wapi, na jibu langu halihusu kipaji. Kazi kubwa ya utengenezaji ilikuwa mikononi mwa Inti Creates, watu wale wale waliofanya mfululizo wa Mega Man Zero, na waliomrudisha Mega Man 9 mwaka 2008 kwa picha za nukta nukta kana kwamba ni jana tulipoacha. Muziki ulikuwa na Manami Matsumae, aliyetunga wa Mega Man wa kwanza kabisa. Ukiniuliza nikuitie mafundi wa kazi hii duniani, ningekuitia hao hao.

Ninachokiona mimi ni ile orodha. Mwanzo iliahidiwa kompyuta. Fedha zilivyopanda, kila hatua ikawa na zawadi yake, na zawadi nyingi zilikuwa mashine nyingine: PlayStation 3, Xbox 360, Wii U, kisha PlayStation 4 na Xbox One, kisha za mkononi, 3DS na Vita. Weka na Mac na Linux. Kumi. Studio ndogo, gemu moja, mashine kumi za vizazi viwili tofauti, nyingine zina nguvu kama za basi na nyingine kama za baiskeli. Ukiahidi kwamba mzigo ule ule utabebwa na vyote viwili, utaupima kwa baiskeli. Nikiangalia kuta tupu za hatua ya kwanza na ule moto uliokaa kama karatasi ya rangi iliyogundishwa ukutani, naona baiskeli. Ile michoro ya awali iliyotumika kuombea mchango ilikuwa na vumbi, kutu, taa zinazowaka ndani ya ukungu. Aliyechanga kwa kuitazama ile alikuwa na haki ya kuuliza iko wapi.

Wakaongeza na mambo ya mtandaoni, mashindano ya mbio na kucheza wawili wawili. Gemu lilipangwa kutoka Aprili 2015. Likasogezwa hadi Septemba 2015. Likasogezwa hadi tarehe 9 Februari 2016. Januari ya mwaka huo wakalisogeza tena, na maelezo yaliyotolewa ndiyo yaliyonifumbua macho: hitilafu zilikuwa kwenye sehemu ya mtandaoni, pale mashine inapomtafutia mchezaji mwenzake, na sababu zilikuwa mbili, wingi wa mashine na injini ya gemu, yaani programu ambayo gemu limejengwa juu yake, Unreal Engine 3, ambayo ilikuwa haifanyiwi tena maboresho, hivyo iliwabidi waitengeneze wenyewe. Soma tena polepole. Gemu la mtu mmoja anayeruka mashimo limechelewa miezi kwa sababu ya kutafutiana wachezaji mtandaoni. Nilijaribu kuingia huko mara mbili jioni tofauti ili niandike kitu hapa. Nilisubiri, nikasubiri, nikarudi kwa Brandish.

Katikati ya ucheleweshaji huo, Julai 2015, Comcept wakafungua harambee nyingine, ya gemu jingine, Red Ash, wakiomba dola 800,000. Huku la kwanza halijafika! Haikutimia, na kampuni ya Kichina iitwayo Fuze ikajitokeza kugharamia. Kuna mambo ambayo hata kama una sababu nzuri unasubiri kwanza. Fundi ana suruali yako mwaka wa pili sasa, anakuja kukuuliza kama unahitaji na koti.

Mei 2016, mwezi mmoja kabla ya kutoka, ikaja trela. Msimulizi wake anajitia ujana, anasema utawaliza maadui kama shabiki wa katuni za Kijapani usiku wa dansi la shule. Yaani yule yule aliyechanga, aliyesubiri, ndiye aliyefanywa kichekesho kwenye tangazo. Milipuko ya kwenye trela hiyo watu waliifananisha na pizza, na nikicheza sasa siwezi kuitazama bila kuona jibini. Hilo ni kosa langu mwenyewe, nisingeiona picha ile ningecheza kwa amani.

Likatoka tarehe 21 Juni 2016. Siku hiyo Inafune alizungumza moja kwa moja na mashabiki kwa video, Ben Judd akimtafsiria, na akasema makosa yote ni yake na lawama zote ziletwe kwake, na kwamba kutengeneza matoleo yote kwa pamoja kulikuwa kazi kubwa kuliko walivyokadiria. Ndani ya mazungumzo hayo ndipo liliposikika lile neno la Kiingereza ambalo mimi nalisikia kama "afadhali kuliko kukosa kabisa". Lilitoka kinywani mwa Judd, akitoa maoni yake mwenyewe, lakini watu walimvika Inafune na mpaka leo amelivaa. Namhurumia kidogo. Si haba, tunasema, mtu akikupa kidogo kwa moyo. Lakini si haba husemwa na anayepokea. Anayetoa akilisema yeye, chakula kinapoa mezani. Matoleo ya Mac na Linux yalichelewa hata baada ya hapo. Ya 3DS na Vita hayakuja.

Wakosoaji walilipa alama za hamsini na kitu kwa mia, kutegemea mashine. Kwa kuwa nimelimaliza sasa, bila hasira ya mtu aliyesubiri miaka mitatu, siwezi kusema walilionea. Mimi nalipa tano kwa kumi, na kati ya hizo tatu ni za kuchomoka.

Kuna linganisho ambalo haliepukiki, nalo ni Shovel Knight. Mwaka huo huo wa 2013, miezi michache kabla, Kickstarter hiyo hiyo: waliomba dola 75,000, wakapata 311,502, na Juni 2014 gemu likawa mikononi mwa watu, na ni zuri mpaka linaudhi. Picha za nukta nukta, jembe, shujaa mfupi. Fedha yote ile haifiki hata moja ya kumi ya hizi tunazozizungumzia. Nimesikia watu wakisema si haki kulinganisha, kwamba lile lilikuwa dogo. Ndiyo. Mtaka yote hukosa yote. Wale walitaka moja.

Lakini linganisho linaloniuma zaidi si hilo. Ni Mighty Gunvolt Burst, la Juni 2017, Switch na 3DS. Limetengenezwa na Inti Creates, wale wale, mwaka mmoja tu baadaye. Ndani yupo Beck, yule yule. Mabosi ni wale wale: Pyrogen, Cryosphere, Dynatron, wote. Ila wamechorwa kwa nukta, kama katriji za zamani, bila sauti za kuongea, bila mdomo wa kufungua. Hatua zimepangwa upya na sasa zinapumua. Silaha unaiunda mwenyewe, risasi iende hivi, ipinde vile, iwe nene au nyembamba, na gemu linakutuza ukimuua adui ukiwa umemkaribia kabisa, pua kwa pua, ambayo ni binamu wa kuchomoka. Nilimpa mpwa wangu hilo bila kumwambia lolote. Baada ya nusu saa aliuliza, "Mjomba, huyu si yule wa juzi? Mbona huku anafurahisha?"

Sikuwa na jibu fupi. Mdomo ule ungefungwa kwenye picha ya nukta nukta nani angeuona? Mlipuko wa miraba sita ni mlipuko. Ubongo wako unamalizia. Ukiugeuza tu kuwa umbo kamili lenye kivuli na mwanga, unaahidi kila kitu kingine nacho kitakuwa kamili, na hapo ndipo fedha na siku zinapokwisha.

Sasa, ununue au usinunue? Kama hujawahi kugusa magemu ya aina hii, hapana, utadhani yote yako hivi. Anza na Mega Man 11, ambalo Capcom wenyewe walilitoa Oktoba 2018 baada ya vumbi kutulia, au hilo Burst. Kama wewe ni kama mimi, una daftari la mishale mahali fulani kichwani, na umelikuta kwenye punguzo kubwa, chukua. Ingia kwenye mipangilio, ongeza idadi ya maisha, zima maongezi. Nenda kwa Brandish mapema, upate panga zake. Hatua ya Call imalize kwa mkupuo mmoja bila kusimama, kama dawa chungu. Countershade muache wa mwisho na umfuate ukiwa umelala vizuri. Kisha rudi kwenye barabara kuu na ujifunze kuchomoka mpaka vidole viwe na akili zao. Kwa saa tano sita za namna hiyo utakuwa umepata ulichokilipia. Ray, mhusika wa nyongeza, mkali kuliko Beck na anaishiwa uhai polepole asiponyonya adui, anafaa kwa mtu ambaye ameshalipenda. Mimi nilimjaribu jioni moja, nikampenda kuliko nilivyotarajia, nikashindwa, nikamwacha.

Nilimshinda bosi wa mwisho usiku wa Jumamosi. Mpwa wangu alishasinzia kwenye kochi, akaamshwa na makelele yangu. Majina ya watengenezaji yakapita, halafu yakaanza majina ya wachangiaji, safu kwa safu, yakipanda polepole kwenye skrini nyeusi. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba yanachukua karibu saa nne kuisha, nikadhani ni utani wa watu. Si utani.

"Hawa ni akina nani?" akauliza, macho yamefumba nusu.

"Ni waliolipa kabla halijakuwepo."

"Wote?"

"Wengi wao."

Akasoma machache kwa sauti, akikosea matamshi. Mengine yalikuwa majina ya watu, mengine ya utani, mengine nadhani mtu alimwandikia mtoto wake. Akaniuliza kama langu limo. Nikamwambia halimo. Akakaa akiyatazama kidogo, kisha akavuta shuka, na mimi nikaweka pedi mezani na kuyaacha yaendelee kupanda. Nilipoamka saa nane usiku kunywa maji, yalikuwa yamefika herufi M.